Inglishi midiamu ya wastani wa 262: nilicholipia na nilichopata

Nianze na bei, maana ndiyo ninayoulizwa kila siku ofisini. Ada ya shule anayosoma binti yangu ni milioni moja na laki nane kwa mwaka, inalipwa kwa awamu nne. Basi la shule ni laki nne na themanini juu yake. Uji wa saa nne na chakula cha mchana vimo kwenye ada. Rimu mbili, ufagio na karatasi za chooni unapeleka mwenyewe kila muhula. Sare unanunua dirishani kwao, na sweta lao lenye nembo ni elfu thelathini na tano, wakati pale soko la Chifu Kingalu sweta la rangi ile ile, tena zito zaidi, unalipata kwa elfu kumi na tano. Mtoto akienda na la sokoni anaambiwa alivue, analirudisha nyumbani kwenye begi.

Mimi mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, Kayumba kama mnavyoziita, hapa hapa Morogoro. Darasa langu la tatu lina watoto 112. Na ndiyo, mwalimu wa Kayumba nasomesha Inglishi midiamu. Mwenye maneno ayamalize sasa, tuendelee.

Jina la shule siliweki. Mwanangu bado yumo, na ninayoyaeleza wala si ya shule hiyo peke yake. Ukibadilisha rangi ya basi utadhani nazungumzia ya mtaani kwenu. Iko upande wa Kihonda, ina madarasa kuanzia chekechea hadi la saba, na binti yangu yuko darasa la nne. Alianza la kwanza akiwa hajui hata kushika penseli vizuri.

Nitoe haki kwanza. Kufikia katikati ya darasa la pili alikuwa anasoma mabango ya barabarani tukiwa kwenye daladala, Kiswahili na Kiingereza, mpaka abiria wanageuka. Aliyemfundisha ni madam mmoja mtu mzima, ana cheti cha ualimu cha daraja la IIIA, amekuwepo tangu shule ina vyumba vinne na choo cha shimo. Darasa lake lina watoto 28. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa lake asubuhi moja nilipompeleka mtoto aliyechelewa. Alikuwa na kadi za silabi alizokata mwenyewe kwenye maboksi ya sabuni, anampa kila mtoto mbili, halafu anataka watafutane hadi neno likamilike. Mwenye "ka" anazunguka anamtafuta mwenye "la" na mwenye "mu". Kelele tupu, ila kila mtoto anasoma. Kuna kijana mmoja mzito, yule madam hakumnyanyua mbele za wenzake. Alimpa silabi anayoijua, ili atafutwe yeye. Nimefundisha miaka mingi na nimesoma Chuo Kikuu Huria mpaka shahada, lakini ujanja ule niliubeba na kesho yake nikaujaribu kwangu. Kwa watoto 112 haukwenda. Kwa makundi ya asubuhi na mchana ukaenda nusu.

Kwa hiyo kwa darasa la kwanza na la pili shule hii naipa nyota zote. Basi nalo halijawahi kuniangusha, lina matroni anayehesabu watoto wakipanda na wakishuka, na vyoo ni visafi kuliko vya ofisi nyingi ninazozijua. Kande za Ijumaa binti yangu hazipendi, hilo ni lake na wapishi.

Sasa twende kwenye bango.

Bango liko getini, linasomeka toka barabarani: WASTANI WA SHULE 262, DARAJA A. Chini yake picha za wahitimu wa 2025 wakiwa wamevaa tai. Mzazi akipita pale moyo unamdunda. Kwa asiyeijua hesabu yenyewe: mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A. Kuanzia 181 ni B. Kuanzia 121 ni C, na hapo mtoto amefaulu. Shule ikiwa na wastani wa 262 maana yake mtoto wa kawaida pale kapata kama 44 kati ya 50 kila somo. Si mchezo. Na hawajadanganya, ukifungua tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, ukaingia mkoa, halmashauri, ukabonyeza jina la shule, namba ni hiyo hiyo.

Ila ukurasa huo huo una namba nyingine ambayo haikupelekwa kwa mchora mabango: waliofanya mtihani ni 31.

Mimi kazi yangu ni watoto na madaftari ya mahudhurio, kwa hiyo jicho langu huenda kwenye idadi kabla ya alama. Darasa la saba la 2025 lilikuwa darasa la nne mwaka 2022. Na darasa la nne wana upimaji wao wa kitaifa, matokeo yake nayo yako kwenye tovuti ile ile, shule kwa shule. Nikafungua ya 2022. Waliofanya walikuwa 58.

Watoto 58 wameingia upande huu wa bomba, 31 wametokea upande wa pili. Wapo waliohama na wazazi wao, hilo lipo kila mahali. Wapo ambao ada iliwashinda. Lakini wazazi wa madarasa ya juu wanajua jambo linaloitwa wastani wa shule, na huo si ule wa bangoni. Kuanzia darasa la tano, mtoto asiyefikisha 60 kwa mia mtihani wa mwisho wa mwaka anarudia darasa, au mzazi anaitwa ofisini na mtaaluma, yaani mwalimu msimamizi wa masomo, anawekewa soda mezani, anashauriwa kwa upole atafute "mazingira yatakayomfaa zaidi mtoto". Karibu na mtihani wa utamilifu, ile moko, chujio linakazwa tena. Wanaobaki wanaingizwa kambi, wanalala shuleni, wanasoma mpaka usiku. Na mimi nikipewa watoto 31 waliochekechwa hivyo, wanakula na kulala mbele yangu, nitawapa hiyo 262.

Wale wengine hawapotei hewani. Baadhi nimewapokea mimi. Januari wanakuja na barua za uhamisho na soksi nyeupe, wanasema "teacher" badala ya "mwalimu", wenzao wanacheka wiki ya kwanza, wiki ya tatu wameshazoea. Ni watoto wa kawaida kabisa, wengine wazuri mno, wamechelewa tu kwenye hesabu za sehemu. Wanakaa wanne dawati moja, wanafanya mtihani kwetu, na alama zao zinaandikwa kwetu. Mwisho wa mwaka mtu anaweka ukurasa wetu pembeni ya ukurasa wao na kusema, mnaona walimu wa serikali hawafundishi?

Hili la kuwaondoa watoto ili namba ipendeze halikuanzia shule za kulipia, tusije tukajisafisha. Mnaokumbuka Matokeo Makubwa Sasa, ule mpango wa serikali wa 2013, mnakumbuka rangi: shule zilipangwa kwa ufaulu wa darasa la saba, kijani, njano, nyekundu, kila mtu aone. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin waliufuatilia mpango huo baadaye. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha alama kweli. Lakini pia idadi ya waliokaa kwenye mtihani katika shule hizo ilipungua. Sisi tuliokuwa vituoni wala hatukuhitaji utafiti kujua inavyokwenda. Ofisa anapiga kelele kwenye kikao kuhusu nyekundu, mwalimu mkuu anarudi shuleni, na ghafla watoto fulani wanaonekana "hawajawa tayari".

NECTA wenyewe waliona. Januari 2023, walipotangaza matokeo ya kidato cha nne cha 2022, waliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Nilifurahi. Lakini serikali ikiacha kupanga, wenye shule wanajipanga wenyewe: mchora mabango hana baraza la kumuuliza, na magrupu ya wazazi yanakokotoa nafasi kabla ya saa sita mchana siku ya matokeo.

Kilichoniuma zaidi ya bango, lakini, nilikiona kwenye daftari.

Darasa la tatu binti yangu alikuwa na daftari moja la Hisabati mwaka mzima, lile la kurasa 200 lenye gamba gumu. Nalipitia kila Jumapili jioni, mazoea ya kazi. Januari hadi Machi masahihisho ni ya wino mwekundu, mwandiko wa kulala, na kila kosa lina maelezo mafupi pembeni: "carry one", "check again". Huyo ni mwalimu. Aprili wino unageuka kijani. Vema vikubwa vya haraka, kosa linapigwa mkasi, hakuna neno. Halafu kurasa kama kumi hazijasahihishwa kabisa, na katikati yake binti yangu kaanza kutoa kwa kukopa akiwa hajafundishwa kukopa, anatoa namba ndogo kwenye kubwa popote ilipo, juu au chini. 52 toa 38 anapata 26. Hesabu ya pili hivyo hivyo, ya tatu, ukurasa mzima. Julai wino mwekundu unarudi, mwandiko mwingine kabisa, mviringo, wa mtu mpya, na huyo naye anaanza upya sura ya kujumlisha.

Walimu watatu ndani ya daftari moja. Kwenye bango hilo haliko, na kwenye ripoti ya muhula wameandika "Good, can do better".

Yule wa wino wa kwanza nilikuja kukutana naye Msamvu, dukani kwa mume wangu, kaja kununua pedi za breki za bodaboda. Nikamjua kwa sauti, tulishaongea kwenye simu.

"Shikamoo madam," akaniambia.

"Marahaba mwanangu. Kumbe uko mjini? Mbona ulituacha?"

Akacheka, akaangalia pembeni. "Madam, we ni mwalimu, unajua. Mkataba wa miezi kumi. Desemba na Januari sisi hatuli."

Ana shahada ya ualimu, Hisabati na Fizikia, anasubiri ajira za serikali kama maelfu ya wenzake. Pale alikuwa anapokea laki tatu na nusu, na ilikuwa ikiingia tarehe inayojua yenyewe. Mwezi wa pili ilikuja mwezi wa tatu. Michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikuwa inaonekana kwenye karatasi ya mshahara, kwenye simu haionekani. Likizo ndefu hana kitu kwa sababu mkataba unaisha Novemba na unaanza tena Januari katikati, kama utaanza. Sasa anaendesha bodaboda na jioni ana tuisheni ya watoto sita nyumbani kwa mtu. "Napata kuzidi pale," akasema, "na nikiugua najua nimeugua kwa hasara yangu, sio nakatwa."

Akaniambia na la bonasi, ambalo sikuwa nalijua. Shule inatoa elfu kumi kwa kila A ya somo kwenye mtihani wa taifa wa darasa la saba, kwa mwalimu wa somo husika. Yaani mwalimu wa Kiingereza wa darasa la saba, watoto 31, akipata A ishirini na tano anaondoka na laki mbili na nusu. Si haba kwa mtu wa laki tatu na nusu. Ndiyo maana, akasema, kila mwalimu anapigania kupangwa la saba, na ndiyo maana hata walimu wenyewe ndio wa kwanza kumnyooshea kidole mtoto mzito wa darasa la sita.

Nikamuuliza, na madam wa darasa la kwanza, yule wa kadi za silabi? Anapata nini?

"Yule? Yule hupewa kitenge siku ya wazazi."

Hapo ndipo ninapogombana na shule hii, na si kwa sababu wanalipa bonasi. Mimi si mpinzani wa kumlipa mwalimu kwa matokeo. Huwa nabishana na wenzangu wa chama cha walimu kuhusu hilo. Chama kinasema mwalimu alipwe vizuri kwanza, mambo ya kupimana baadaye, na ukikumbuka Julai 2012 tulivyogoma kudai nyongeza ya asilimia 100 na mahakama ikatusimamisha ndani ya siku chache, unaelewa hasira ilikotoka. Lakini kuna jaribio lilifanyika nchini hapa, na nashangaa halisemwi kwenye vikao. Kati ya 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio hilo, KiuFunza, katika wilaya 10. Shule 350 ziligawanywa. Zipo zilizopelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, taslimu hadi kwenye akaunti ya shule. Zipo ambazo hazikupewa ruzuku, ila walimu wa darasa la kwanza, la pili na la tatu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo, Kiswahili, Kiingereza na Hesabu, na mwalimu mkuu 1,000. Zipo zilizopata vyote viwili. Na zipo ambazo hazikupata kitu, za kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuongeza chochote kwenye alama. Vitabu vilinunuliwa, watoto wakabaki pale pale. Bonasi peke yake matokeo yake yalikuwa ya kuyumba, yanaonekana kwenye mtihani ule wenye hela, kwenye upimaji usio na hela yanafifia. Shule zilizopata vyote viwili ndizo watoto wao walijifunza zaidi, na ikaonekana kwenye mitihani yote miwili. Mwalimu mwenye sababu ya kuhangaika na kitabu cha kuhangaikia.

Angalia hela zile zilipelekwa wapi: darasa la kwanza hadi la tatu, mahali ambapo mtoto anajua kusoma au hajui, na hakuna anayemfukuza. Shule yetu imeweka hela darasa la saba, mwisho wa bomba, kwa watoto walioshachekechwa. Anayelipwa kwa A ya Kiingereza ya darasa la saba analipwa kwa kazi ambayo robo tatu aliifanya mama wa kadi za maboksi ya sabuni, miaka sita nyuma. Yeye na kitenge chake.

Kikao cha wazazi cha mwezi wa tisa nililisema. Mkurugenzi ni mtu mcheshi, anaongea vizuri, akaniambia kwenye kipaza sauti: "Mama, ukinunua gari huwa unauliza fundi wa kiwandani analipwa shilingi ngapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikamwambia, mafundi wakibadilishwa mara tatu gari likiwa bado limefunguliwa, nitauliza. Wakacheka tena, safari hii baba mmoja wa darasa la tano akasimama akasema na wa kwake kabadilishiwa mwalimu wa Sayansi mara mbili. Kikao kikawa kirefu. Walipokuja kwenye soda, mhasibu wa shule, binti mdogo tu, akaninong'oneza: "Asante mama, na sisi wa ofisini ni hivyo hivyo."

Mkurugenzi naye ana yake, na si ya kupuuza. Wazazi hatulipi kwa wakati. Awamu ya tatu karibu nusu ya darasa inadaiwa, na hela ya mishahara ni hiyo hiyo ya ada. Hakuna kapu lingine. Halafu akauliza swali ambalo lilitunyamazisha: "Nikishusha bango nikaweka 'walimu wetu wamekaa miaka minane', nani ataleta mtoto?" Ukweli ni kwamba wazazi tuliingia kwa sababu ya 262. Hata mimi siku ya kwanza bango nililisoma.

Kwenye mshahara sina sababu ya kuringa, ila tofauti ipo. Wa serikali unaingia kabla mwezi haujaisha, Desemba kama Juni. Wanakata mfuko wa pensheni, PSSSF, asilimia 5, bima 3, chama 2, mkopo wa benki unakata chake, kinachobaki tunagawana na duka la Mangi. Mei Mosi ya 2025 kule Singida Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ofisini tulipiga vigelegele, halafu mwenye kikokotoo kwenye simu akatuambia sisi wenye madaraja ya juu haitapanda kwa asilimia hiyo, tukakaa. Lakini tukakaa tukiwa kazini. Sekta binafsi nao walitangaziwa kima kipya kuanzia Januari 2026, wastani wake kutoka 275,060 hadi 358,322. Yule kijana wa wino mwekundu, mwenye shahada ya Hisabati, alikuwa analipwa pungufu ya hapo.

Kwa hiyo mimi nikitafuta shule sasa hivi, nje ya zile kurasa mbili za NECTA, naangalia mwalimu wa darasa la kwanza amekaa miaka mingapi na ni nani alifundisha darasa la tatu mwaka jana. Uliza mwisho wa mwezi wa kwanza, maana Desemba ndiyo inayowaondoa. Usimuulize mtaaluma, atakupa kipeperushi. Muulize matroni wa basi. Anawajua wote kwa majina na anajua nani kaondoka bila kuaga. Na omba uonyeshwe daftari la mtoto yeyote, lisilochaguliwa, hasa la Hisabati. Wakikuletea lile lililofunikwa karatasi mpya ya khaki, omba jingine.

Na ukilinganisha 58 na 31 kwa shule yako, uwe na haki. Kwetu Kayumba pia namba hupungua, ila kwetu wanatoroka: mvua za kulima, mnada, mimba, mama kahamia Ifakara. Hilo nalo ni aibu yetu na lina dawa yake tofauti. Linganisha shule za aina moja.

Je, namwondoa? Mume wangu hataki kusikia. Anasema mtoto anasoma, anakula, anafika nyumbani salama, nikitaka shule isiyo na kasoro nikajenge ya kwangu. Mwalimu wa Hisabati wa sasa, wa mwandiko wa mviringo, amevuka Desemba na amerudi, na lile la kukopa amelirekebisha kwa vijiti, nimeliona kwenye daftari. Kwa hiyo atafanya upimaji wa darasa la nne pale. Chujio linaanza la tano, na hapo nitaangalia orodha ya majina ya Januari kabla sijalipa awamu ya kwanza, si yangu tu, ya wenzake. Wakipungua watano bila sababu ninayoielewa, nafasi ya kwangu ipo, dawati la wanne tutalifanya la watano.

Alama zangu, kwa mnaotaka alama: chekechea hadi la pili, tano juu ya tano. La tatu na la nne, tatu, na ya tatu ni ya huyo wa vijiti. La tano kwenda juu siwezi kuwapa mpaka waache kuwatoa watoto ili wapate namba. Mishahara, moja, na hiyo moja ni kwa sababu mkurugenzi alikubali mbele ya ukumbi kwamba mikataba ya miezi kumi ataitazama. Ameandikiwa kwenye muhtasari, nina nakala.

Fomu zinatoka Septemba, elfu ishirini, hazirudishwi hata mtoto akikosa nafasi. Usaili ni Jumamosi, Kiingereza na Hisabati. Wameandika saa mbili kamili lakini wanaanza saa nne, kwa hiyo mpeni mtoto chai nzito, na mbebeeni maji, maana duka la jirani Jumamosi linafungwa.